Mlango wa Chumba cha Mzazi

Nilipokuwa mtoto, meno ya mbele yameng'oka na mapya hayajaota, baba alituhamisha kutoka Mji wa Kale, Mombasa, akatupeleka Kinangop, bara, kusimamia duka la vitambaa la tajiri wake. Tajiri mwenyewe alibaki Biashara Street na joto lake. Sisi tukapelekwa mahali ambapo maji ya kunawa yauma kama nge, na asubuhi nyasi zimetandwa kitu cheupe nilichodhani ni chumvi. Nililamba. Haikuwa chumvi.

Baba, aliyekuwa mtu wa baraza, kule akawa mtu wa kufunga: kafunga dirisha, kafunga shingo, kafunga mdomo. Mama alivaa koti la kiume juu ya buibui. Nyanya, mamake baba, peke yake alikataa kubadili hata namna ya kupiga chafya.

Mama akajifungua huko huko, msimu wa ukungu, mtoto wa kiume. Kwetu mwanamke aliyezaa, tumwitaye mzazi, hukaa ndani siku arobaini, na seredani ya makaa haikosi chumbani, ya kumkanda na ya kumfukizia ubani yeye na mtoto. Nyanya aliiwasha kama alivyowawashia wazazi wote wa mtaa wetu, na kwa sharti lile lile.

"Makaa yakiwa ndani, mlango uwe wazi. Ubani wamfukuza jini. Mkimfungia apite wapi? Atamkalia mzazi kifuani."

Mji wa Kale sharti hilo halikumsumbua mtu. Nani hufunga mlango kwa joto lile? Kinangop likawa vita.

"Mama, mtoto atakufa kwa baridi," baba alisema.

"Wewe nilikulea mlango wazi, na leo u dume zima la kubishana nami."

"Hapa si Mombasa, mama."

"Jini haulizi njia."

Asubuhi moja Nyanya alikwenda kwa jirani kuchukua maziwa. Hakufika mbali, baba akafunga ule mlango, akaziba nyufa za dirisha kwa leso za mama. Ilikuwa huruma, mama mwenyewe alimshukuru, kwani vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. Kisha baba akarudi dukani, upande wa mbele. Mimi nilikuwa jikoni namenya viazi, chakula chetu cha kila siku ya Mungu.

Nyanya aliporudi aliuona mlango tu, maziwa yakamwagika. Akausukuma kwa bega. Mama alikuwa kitandani, mdomo wazi, haitiki. Mtoto amelegea kama kitambaa kilichorowa. Nyanya alimnyakua akatoka naye uani, kwenye ukungu, akipiga kelele: "Toka! Toka, mwanalaana! Nenda kawakalie wakubwa wenzio!" Baba akaja mbio, akambeba mama.

Sijapata kusubiri kitu maishani kama nilivyosubiri kilio cha yule mtoto. Kilipokuja kilikuwa kidogo, kama cha paka. Mama naye akatapika, akashika kichwa, akauliza ni nani aliyemtoa nje bila koti.

Alasiri akaja muuguzi wa zahanati. Akasema ni sumu ya makaa. Haina rangi, haina harufu, haionekani kwa macho, na huua waliolala.

"Haya," akasema Nyanya, "na mimi nilisema nini?"

Baba alichukua nyundo, akang'oa mlango na bawaba zake zote, akauegemeza ukutani nje. Chumba kile hakikuwa na mlango mpaka arobaini ikaisha. Tulitetemeka, lakini tulitetemeka tukiwa hai.

Leo mimi ni mkubwa kuliko Nyanya alivyokuwa siku ile. Mjukuu wangu wa Ganjoni, aliyesoma hadi akachoka, huniuliza kama naamini majini. Namwambia aniulize jambo la maana. Nyanya hakujua habari za sumu, na baba alijua habari za baridi peke yake. Lakini zamani, kabla ya Nyanya na nyanyake, kuna mzazi aliyefungiwa na makaa asiamke. Waliomzika hawakujua kilichomuua. Walijua tu kuwa mlango ulikuwa umefungwa. Wakaona wakisema hivyo hivyo tu hatutasikia, kwani binadamu hasikii, wakatutishia jini.

Na hata alipotishiwa jini, baba aliufunga mlango.