Misuli Ambayo Sikuwahi Kuichora Ubaoni

Chafya ilinikuta na chaki mkononi, nikichora utumbo mpana mbele ya kidato cha pili. Mimba yangu ya kwanza ilikuwa imeingia mwezi wa tano. Nilipiga chafya moja kubwa, na papo hapo nikahisi kitu cha moto kikinishuka. Hakikuwa kingi, lakini kilitosha kunirudisha kwenye kiti taratibu. Nikakaa, nikawasomea wanafunzi notsi mpaka kengele ikagonga. Hawakushangaa. Mwalimu mwenye tumbo akikaa, hakuna anayemuuliza.

Aliyeshangaa ni mimi. Nafundisha baiolojia. Kila mwaka nachora nyonga ubaoni kama bakuli, ndani yake naweka kibofu, mfuko wa uzazi na njia ya haja kubwa, kila kimoja na mshale wake. Siku ile, nikirudi kwa miguu kwenye chumba chetu cha kupanga mtaa wa Majengo, nilikuwa na sweta nimelifunga kiunoni na swali moja kichwani. Bakuli ninalolichora halina kitako. Mifupa iko wazi chini. Sasa ni nini kinachozuia hivyo vyote visidondoke?

Siku ya kliniki nilimweleza nesi kilichonipata. Alisema ni kawaida ya wajawazito, nivae pedi. Nikamuuliza kawaida hiyo inasababishwa na nini. Alinitazama, akacheka kidogo, akasema yeye ana foleni, lakini kama nataka kujua kweli niende jengo la nyuma, chumba cha fiziotherapia.

Nilidhani nimeelekezwa vibaya. Chumba kile kilijaa vijana wa bodaboda wenye miguu iliyovunjika, na wazee waliopata kiharusi wakijifunza upya kushika kikombe. Aliyenipokea alikuwa mwanamke wa rika langu, mtu wa Kanda ya Ziwa, mwenye kutaja kila kiungo kwa jina lake na kwa sauti ya kawaida, mpaka nikawa nageuka kuangalia kama pazia limefungwa vizuri. Alitoa mifupa ya nyonga ya plastiki kabatini, akatandika kitambaa kwa ndani, akakibana pembeni kwa vidole.

Akaniambia kwamba hapo chini kuna misuli, imetandazwa kutoka mfupa wa mbele hadi kifandugu kule nyuma, mwisho wa uti wa mgongo. Wao huiita sakafu ya nyonga. Nilisema neno sakafu linanifanya nifikirie saruji. Akasema hapana, nifikirie turubai la harusini mvua inaponyesha, maji yakijikusanya katikati na turubai kuanza kulegea. Mtoto ndiyo hayo maji. Kazi zangu zilikuwa mbili, alisema. Niifundishe misuli ile kukaza, ili ibebe uzito na kuzuia mkojo. Na niifundishe kulegea kabisa, kwa sababu siku ya kujifungua ndipo mtoto atakapopita.

Kukaza nilidhani ni rahisi. Alinilaza ubavu, akaniambia nivute kwa ndani na kwenda juu, kama mtu anayezuia mkojo na hewa kwa pamoja, huku nikiendelea kupumua. Nilikaza makalio. Akasema siyo hayo. Nikakaza tumbo, nikakaza mapaja, nikabana pumzi mpaka masikio yakaziba. Akasema siyo huko kote. Kisha kitu kidogo kikasogea ndani yangu, mahali ambapo sikujua kama ninaweza kupaamuru, na yeye akaliona hilo usoni mwangu kabla sijasema. Nilikuwa nimeishi na mwili huu zaidi ya miaka thelathini, nikiufundisha kwa wengine, na hapo ndipo nilipokutana na sehemu yake nisiyoijua.

Nikaanza mazoezi. Nilifanya nikisimamia mitihani, nikisubiri sufuria ichemke, kanisani wakati wa mahubiri. Nilijifunza kukaza kabla ya chafya, na kweli, siku moja nilipiga chafya sokoni nikabaki mkavu. Niliona fahari ambayo sikuweza kumweleza yeyote pale.

Nilimweleza mume wangu. Yeye hupeleka wageni mlimani, na akirudi huwa amechoka kiasi cha kukubali mazungumzo yoyote. Aliuliza kama wanaume nao wanayo misuli hiyo. Nikamwambia wanayo. Uso wake ukatulia kama wa mtu anayetafuta stesheni ya redio, halafu akasema ameipata.

Shule zilipofungwa nilipanda kijijini Kibosho kukaa na mama mkwe, maana mume wangu alikuwa safari baada ya safari. Mama mkwe alikuwa mjane, na watoto wake wote walikwisha toka nyumbani. Alibaki na shamba la migomba na kahawa, na ng'ombe wawili wa maziwa wanaokula bandani. Ng'ombe hao hukatiwa majani. Kila siku alishuka hadi mferejini kuyatafuta na kupanda na mzigo mkubwa kichwani, kitenge amekikaza kiunoni kupita kiasi. Niliwahi kuona kwamba akiutua mzigo hukimbilia kwanza uani, na kwamba kwenye benchi hukaa upande upande. Sikuuliza. Nilidhani ni mgongo.

Mchana mmoja tulikuwa barazani tunapukuchua maharage. Akaniuliza kwa nini kila nikikaa nanyamaza, macho yanaganda, halafu napumua kama niliyetua kitu. Nikaona aibu, kisha nikaona hakuna sababu ya kuficha, nikamweleza: chafya, mifupa ya plastiki, turubai, kukaza na kulegeza. Nilimuuliza pia kama Kichagga kina jina la misuli hiyo. Alifikiri. Akasema kama lipo, yeye hakulisikia kwa mama yake. Wao walisema huko chini tu, ikatosha.

Akaendelea kupukuchua. Baadaye, bila kuinua uso, akauliza:

"Na ikishatoka?"

"Nini, mama?"

Aliinuka, akakung'uta maganda kwenye kitenge, akaenda bandani.

Sikuweza kuliacha swali lile. Nililigeuza jioni nzima. Asubuhi, tulipokuwa jikoni tukimenya ndizi, alisema mwenyewe, uso wake akiuelekeza kwenye ndizi. Baada ya kitinda mimba wake, alisema, alirudi mapema kwenye majani kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Siku moja akichuchumaa alihisi kitu kama yai kikitokeza. Akakirudisha kwa mkono. Tangu hapo kitu hicho hushuka akibeba mzigo, hushuka akikohoa, na jioni humlemea. Mama yake alimwambia alale miguu ikiwa juu. Mume wake hakumwambia hadi anamzika.

"Nilijua ndivyo wanawake wanavyoisha," alisema. "Sikujua kuna mtu wa kumuuliza."

Mimi nilijua jina lake kutoka vitabuni, kizazi kushuka, na nilijua kwamba mistari mitatu inatosha kwenye mtihani. Kumbe ugonjwa wenyewe ulikuwa umekaa mbele yangu na kisu, ukimenya ndizi za mtori wangu. Nilimwambia twende hospitali. Akakataa. Angekutana na watu wa parokia, wangeuliza anaumwa nini, naye si mtu wa kusema uongo. Nilimwacha siku kadhaa. Kisha nikamwomba anisindikize kliniki, kwa kuwa tumbo limekuwa kubwa na nahitaji wa kunibebea mkoba. Alielewa mara moja nilichokuwa nafanya. Akaenda kuvaa gauni lake la kanisani.

Tuliposhuka mjini, kweli, kila aliyetusalimu alilitazama tumbo langu. Nilipima uzito na presha, halafu tukazunguka jengo la nyuma. Yule mtaalamu wa fiziotherapia alimwamkia, "Shikamoo mama," akamwelekeza nyuma ya pazia, nami nikabaki nje na mkoba. Nilisikia sauti zao kwa chini, kisha kimya, kisha kicheko cha mama mkwe, ambacho sikukitarajia. Baadaye niliambiwa naye pia alianza kwa kukaza makalio.

Mtaalamu hakumdanganya. Alimwambia mazoezi peke yake yasingetosha kwa hali aliyofikia, akampeleka kwa daktari wa wanawake. Daktari alimpima, akamweleza kuhusu upasuaji, na akasema kwa sasa anaweza kumwekea pete laini ya mpira ya kukishikilia kizazi kisishuke, huku akiendelea na mazoezi. Mama mkwe alichagua pete. Tulipotoka alitembea mbele yangu mpaka nje ya geti, akasimama kivulini.

"Kiko mahali pake," alisema. "Nimetembea nacho na kiko mahali pake."

Alijifuta macho kwa ncha ya kitenge, akaniuliza kama nina njaa.

Kwangu zilibaki wiki chache. Sasa mtaalamu aligeuzia nguvu kwenye kulegeza, na hapo nikagundua kwamba ndipo nilipokuwa mzito zaidi. Kukaza kulikuwa kazi, na kazi ninaijua. Kulegea kulinitisha, nilihisi kama nitaharibu kitu. Alinifundisha kuvuta pumzi mpaka chini kabisa, taya likiwa limeachia, mabega yameachia. Akanifundisha pia kupaka mafuta safi na kuinyoosha ngozi ya chini kwa kidole gumba, mikono ikiwa imeoshwa vizuri, bila kulazimisha, ili siku ya mtoto ule mvuto usiwe mgeni kwangu. Nilirudi Majengo, nikafunga mlango, nikachukua kioo kidogo cha mume wangu cha kunyolea. Nilikuwa sijawahi kujitazama. Niliketi pale juu ya kitanda, mwalimu mzima, nikitazama kwa udadisi uleule niliokuwa nao siku ya kwanza kushika darubini, na aibu ikapungua kadiri nilivyoendelea kutazama.

Uchungu ulianza alfajiri, na mchana ulikuwa umekolea. Wakati wa kusukuma ulipofika nilifanya kinyume na yote niliyofundishwa. Maumivu yalikuja, nami nikakaza kwa nguvu zote, kama ninayezuia. Mkunga aliweka mkono kwenye paja langu.

"Mama, unamfungia mlango. Achia."

Niliachia taya kwanza, kwa sababu ndilo nililolikumbuka. Mabega yakafuata. Kisha nikatafuta ile sehemu ndogo ya ndani, ambayo miezi yote nilikuwa nikiivuta juu, nikaiacha ishuke. Nilihisi tofauti. Uchungu haukupungua, lakini ulipata pa kwenda. Binti yangu alizaliwa jua likiwa bado juu, akilia kwa sauti nene.

Nilichanika kidogo, nikashonwa. Siwezi kusema bila mazoezi ningechanika zaidi. Sina mwili wa pili wa kulinganisha. Nilimuuliza mtaalamu, naye akasema hata yeye hawezi kujua kwa mtu mmoja. Nililipenda jibu hilo.

Nililelewa uzazi Kibosho, kama desturi ilivyo. Mama mkwe aliniletea mtori asubuhi na supu jioni, akinikataza hata kuinua ndoo. Alikuwa amemuuza ng'ombe mmoja, na majani ya yule aliyebaki aliyabeba kwa mizigo midogo, akienda na kurudi. Mtaalamu alikuwa amesema nikipata nafuu nianze tena kukaza, polepole, nikiwa nimelala. Wakati mwingine tulifanya pamoja, mimi kitandani na yeye kwenye kigoda, bila kusemezana, mtoto akinyonya katikati.

Wanawake walikuja kumwona mtoto. Mmoja wao, jirani wa makamo, alipokuwa anaaga, mama mkwe alimshika mkono, akaurudisha mlango, akaniambia, "Mweleze kama ulivyonieleza mimi."

Nikamweleza. Alisikiliza huku akimtazama mtoto, asinitazame mimi, na nilipofika kwenye turubai nikaona vidole vyake vimetulia kwenye upindo wa kitenge. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja tu, kama inawezekana kufanya mtu akiwa anapanda mlima. Nilisema sijui, nitauliza.

"Inawezekana," mama mkwe alisema. "Mimi hufanya nikipanda kutoka mferejini. Ila wewe anza umelala, usije ukakaza makalio. Na kliniki nitakusindikiza."