Nilimzibia mke wangu jua kwa plaiwudi yangu mwenyewe

Wakuu, heshima kwenu. Naandika yalivyokuwa, sipunguzi kitu, na pa kunitukana mtapaona wenyewe.

Mimi ni fundi fenicha, Keko. Tumepanga Tandika, nyumba ya wapangaji wengi, uani ni kwa wote.

Mimba ya kwanza ya mke wangu ilitoka. Ya pili ilipoingia, shangazi yangu aliyenilea akaja na begi lake. Akasema ile ya kwanza iliharibiwa na macho ya watu, kwa hiyo safari hii hatoki, tumbo asilione mtu mpaka ajifungue.

Nikaona shangazi anatupenda.

Nikachukua plaiwudi iliyobaki kwenye oda ya kabati, nikaziba dirisha, nikaziba na kibaraza chetu. Kazi safi kabisa, hata jirani akaniulizia bei.

Kliniki nilimpeleka mara mbili, kwa bajaji, mapazia yameshushwa. Zilizobaki shangazi alisema tuache, na mimi nikaacha. Mungu anisamehe.

Mimba ilipofika miezi sita, mke wangu akaanza kulalamikia nyonga na mapaja. Akiinuka kitandani anashika ukuta.

"Mume wangu, niache nikae uani hata kidogo. Mifupa yote inaniuma."

Shangazi akadakia, "Mimba za siku hizi zina deko. Sie tulikuwa tunatwanga mpaka siku ya kujifungua!"

Walikuwa wanatwanga wapi, wakuu? Si uani, juani! Lakini hilo sikuliwaza. Nilimwambia mke wangu avumilie.

Alijifungua salama, mtoto wa kike. Shangazi akasema na mtoto asitolewe nje kwanza, watu wana husuda. Plaiwudi ikabaki.

Mwaka ukapita, mtoto hasimami. Tukimshikilia asimame, miguu inapinda kama upinde.

Hospitali, daktari alimpima mtoto, kisha akamgeukia mama.

"Dada, ulipokuwa mjamzito ulikuwa unapata jua?"

Mke wangu aliniangalia mimi.

Majibu yakaja, vitamini D iko chini mno, kwa mama na kwa mtoto. Daktari akaeleza kwamba mwili unaitengeneza ngozi ikipigwa na jua, na mtoto tumboni anategemea ya mama yake. Yale maumivu tuliyoyaita deko yalikuwa mifupa inaishiwa nguvu.

Dar hii, wakuu! Jua ambalo kila siku tunalilaani, mwanangu amelikosa.

Shangazi hajakubali mpaka leo. Anasema plaiwudi ilikuwa na mwanya, ndiyo maana macho yalipenya. Nilimrudisha kwake Mbagala siku hiyohiyo ya majibu, na bado nina hasira naye. Ila misumari niligonga mimi.

Mwenye mke mjamzito, usimfungie ndani. Mpeleke kliniki zote, na akisema mifupa inauma, daktari ndiye asikie, siyo shangazi.

Sasa mtoto yuko kwenye dawa ya matone. Daktari anasema miguu inaweza kunyooka, tusubiri. Kila asubuhi mama yake anamtoa uani. Juzi niliwafuata na kigoda nilichowatengenezea, nikae nao.

Akakipokea, akasema, "Wewe kaa ndani."

Nikarudi ndani. Aliyewahi kuuguza mtoto wa matege aniambie, alinyooka akiwa na umri gani? Matusi pia nayapokea.