Mota Ndani ya Jani la Mgomba

Mpaka nimeoa na kuanza kuota upara, niliamini kwamba Ziwa Masoko linavuta chuma. Wajerumani walipokimbia walitupa bunduki zao humo, nazo zikarundikana chini na kugeuka sumaku kubwa kuliko soko zima la Tukuyu. Chochote chenye chuma kikifika katikati, kwisha habari yake. Baba yangu ndiye aliyenisimulia, na baba si mtu wa masihara. Utotoni nilikuwa sitembei bila ringi yangu ya baiskeli, naisukuma kwa kijiti tangu asubuhi hadi giza. Nikifika njia panda ya ziwani, nageuza kama niliyeona chui. Hata ukubwani, nikienda kumsalimia baba, sindano zangu za cherehani naziacha mjini na mkanda nauvua njiani, suruali naishika kwa mkono.

Usinicheke bado. Sekondari niliisoma jioni, nikiwa baba wa nyumba, natoka kushona naingia darasani na nyuzi kichwani. Mwalimu wa fizikia alipochora sumaku ubaoni, ungedhani uvumi ule ungeniisha. Wapi! Niliupigia muhuri. Nikasema moyoni: kumbe wazee wetu walisoma fizikia kabla ya kidato cha nne kuzaliwa.

Nilipofaulu, nilijisifu nyumbani wiki nzima kwamba sasa mikono hii inaweza kuunda hata meli. Mke wangu ni mwalimu, ameletwa huku kikazi kutoka Singida, na si mtu wa kuacha maneno yapite bure. Siku moja akaniwekea boksi mezani.

"Haya, fundi. Meli yako hiyo."

Ilikuwa boti ya kuunda mwenyewe: vipande vya plastiki, skrubu ndogo kama mbegu za nyanya, betri, mota isiyozidi kidole gumba, kapanga ka nyuma ka kusukuma maji, na rimoti ya kuiendeshea ukiwa nchi kavu. Karatasi ya maelekezo ilisema gundi hukauka kwa usiku mmoja. Aliyeiandika hajawahi kuishi Tukuyu. Hapa ukianika shati Januari unalivaa Juni. Gundi ikagoma siku nenda siku rudi, mwisho nikaitundika boti jikoni juu ya moto, pale tunapokaushia mahindi. Gundi ikashika vizuri, ila boti ikanukia moshi kama samaki mkavu.

"Siku utakayochelewa kurudi," mke wangu akasema, "mimi hii naila na ugali."

Tulicheka. Kisha akasema neno lililonikausha kicheko. "Likizo ikianza tunaipeleka Masoko. Nataka niione inavuka ziwa mpaka ng'ambo na kurudi. Sitaki asante nyingine."

Ningemjibu nini? Kukataa, ningemvunja moyo. Kukubali, ningeizamisha zawadi yake mbele ya macho yake. Basi nikaanza kuificha ile boti isionwe na ziwa. Skrubu zote nikazing'oa, nikachonga vijiti vya mianzi badala yake. Ikabaki mota, na mota bila chuma ni kopo tu. Nikakumbuka jinsi bibi alivyokuwa akifunga chumvi, maharage, tumbaku, kila kitu asichotaka kionwe: jani la mgomba lililokauka. Nikaifunga mota pamoja na betri yake kwa ustadi wote wa ushonaji, ikawa kama kifurushi cha chumvi.

Baba alitukuta ukingoni. Yeye ni Mnyakyusa wa zamani; mkwe wake hamtazami usoni wala hasemi naye moja kwa moja. Akasimama kando ya mti, ametupa mgongo. Mke wangu alikuwa hatua chache tu nyuma yake, na mimi katikati kama nguzo ya simu.

"Mwambie baba shikamoo."

"Mwambie marahaba. Mwulize, wa Singida hawajambo?"

"Mwambie hawajambo, wanalia na jua tu."

Mimi sikufungua mdomo hata mara moja, na salamu zikafika.

Nikaiweka boti majini. Ikaondoka, jamani, maji yakipasuka pande mbili, na mke wangu akapiga vigelegele vya kuwaamsha hao Wajerumani. Ikafika katikati. Ikasimama.

"Imevutwa!" nikapiga kelele, mkono mmoja umeshika mkanda niliokuwa nimeona haya kuuvua mbele yake.

"Na nini?"

Ikabidi niseme yote: bunduki, sumaku, mianzi, kifurushi. Alinisikiliza bila kucheka, akatazama maji.

"Mbona haizami?"

Kweli haikuzama. Ilikaa pale kama bata aliyeshiba. Tukala ndizi zetu za kuchoma, upepo ukaisukuma polepole, hata ikagusa majani ya ukingoni. Tulipoifungua, uzi wa jani la mgomba ulikuwa umejizungusha kwenye kile chuma kinachozungusha panga, umekaza kama uzi kwenye kibiringo cha cherehani. Mke wangu akachomoa pini ya nywele, akaanza kuufumua.

"Hii nayo chuma," akasema, akinionyesha pini mbele ya pua. "Nikimbie?"

Akalitupa jani lote. Nikaishika rimoti kwa mikono miwili, nikaipeleka mota uchi. Ilipofika katikati nilifumba macho. Nilipoyafumbua ilikuwa imeshapita, inaelekea ng'ambo. Ikageuka, ikarudi, ikaja kusimama miguuni mwa mke wangu. Akaipakata na maji yake yote, gauni likalowa.

Kisha akatazama ule mgongo kando ya mti. "Mwulize baba, ziwa linavuta chuma?"

Baba hakugeuka.

"Mwambie halivuti," akasema. "Huyu alikuwa mtoto wa kukimbilia maji, na mimi sijui kuogelea. Angezama ningemtoaje? Nikajua ile ringi yake hatakubali kuipoteza."