Mumkatae Mume Wangu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya kampuni ya makuli kwenye Bandari ya Mocímboa da Praia, nilipewa karatasi moja, pini nne na amri ya kufunga mdomo. Karatasi ile tuliiita edital, yaani tangazo la ofisi, nayo ilikuwa na majina ya waliopata kazi. Waliokosa hawakuandikwa popote. Nilitakiwa kuibandika ubaoni, kurudi ndani na kufunga dirisha. Mimi nikachungulia. Watu walisoma kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu, na mzee mmoja aliifunua karatasi aangalie upande wake wa nyuma. Moyo ulinidunda kwa furaha, msichana mwenye meza yake na kiti chake, wala sikumwonea mzee yule huruma ya kutosha. Nasema kweli.

Aliyenifunza kazi ni chefe wa pessoal, mkuu wa mambo ya wafanyakazi, mtu mpole ambaye suruali yake haikukosa pasi hata siku moja. Aliponisikia nikimwambia mwombaji kwamba amekosa, aliniita pembeni akaniuliza: akija mposaji asiyetakiwa, wazee hujibu nini? Nikamwambia, hujibu kwamba mtoto bado anasoma.

"Basi, Atija, na kampuni nayo mtoto wake bado anasoma," akasema. "Sisi watu wa pwani hatumuumbui mtu. Mwambie bado."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta, na tangu hapo nikawa fundi wa bado. Nilipohamishiwa Olumbi, kwenye yadi ya wajenzi wa barabara, mhandisi mkuu alinisifu mbele ya watu kwamba dirisha la Dona Atija halijawahi kupigwa ngumi. Nilitembea siku tatu kichwa juu. Sikujiuliza wale watu walikuwa wakienda wapi na bado zangu.

Kisha vita vikaja, tukakimbia sote, miaka ikapita, tukarudi. Niliajiriwa Palma, kwenye kampuni ya kujenga nyumba, na jamani, ofisi ilichangamka! Kila asubuhi dirishani kulikuwa na mafundi umeme, wapishi, madereva, maseremala, watu waliorejea kwao wakiwa na mikono mitupu na hamu ya kazi. Kila mmoja aliacha candidatura, barua yake ya maombi, pamoja na namba ya simu. Nami nilikuwa na neno jipya kwa ajili yao wote: "Tutakupigia. Usikae mbali na simu." Hayo ya mwisho niliyaongeza mwenyewe, ili kunogesha.

Siku moja akaja mwanamke aliyeitwa Anshia, mtu wa Quionga. Alipanda pikipiki kuja Palma, na vumbi lilimjaa mpaka kwenye kope. Nilimwambia wapishi tumeshapata. Akasema hakuja kwa ajili ya upishi.

"Mama, nnakuja kuomba. Mume wangu mumkatae."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Mumewe, Saide, aliomba useremala kwetu, nami kwa kinywa changu nilimwambia asikae mbali na simu. Kijijini kwao simu haishiki ila kwenye ukuta mmoja wa msikiti. Basi Saide alikuwa akienda ukutani asubuhi, akirudi jioni, siku baada ya siku. Shamba lao la mpunga lilikuwa limegeuka pori miaka yote waliyokuwa ukimbizini. Anshia na mama yake walikuwa wamefyeka nusu, lakini visiki viliwashinda. Mvua ilikuwa imeanza kunukia. Ikiwakuta hawajachoma na kulima, mwaka huo wangekula kwa kuomba, nao walikuwa wamekula kwa kuomba miaka ya kutosha.

Nikafungua daftari. Nafasi za useremala zilikuwa zimejaa miezi miwili nyuma.

"Si ungemwambia mwenyewe arudi shamba?" nikamuuliza, nikitafuta pa kujificha.

"Nimemwambia. Anasema maneno yangu hayana muhuri."

Nilinyanyuka na kwenda kwa director, mkurugenzi wetu. Huyu alikuwa mgeni kutoka Maputo, mtu wa saa na ratiba. Alinijibu kwamba kampuni haiwaandikii watu isiowahitaji, maana karatasi ikishafika mkononi mwa mtu hugeuka malalamiko. Nikamwambia nitatia jina langu mwenyewe, malalamiko yaje kwangu. Sijui nilipata wapi ujasiri, nimesimama pale kama ninayeomba kazi. Aliangalia saa yake.

"Uma linha, Dona Atija. Mstari mmoja."

Nikamwandikia mitatu, mifupi: Ndugu Saide, nafasi ya seremala imepata mtu mwingine. Hatutakupigia. Usitusubiri. Nikamtafsiria, akakunja uso, akagonga muhuri. Nawaambia, nimeandika barua za kuajiri watu mamia, hakuna hata moja iliyonisisimua kama ile. Gari la kampuni lilikuwa linakwenda Quionga kupeleka mbao, nikapanda mimi na Anshia.

Tulimkuta ukutani. Pembeni yake walikuwa wamekaa wanaume wengine watatu, kila mmoja na simu yake juu ya goti. Nilizijua sura zao. Zote zilipita dirishani kwangu. Saide aliponiona alisimama upesi, akafunga vifungo vya shati, akatabasamu. Alidhani nimemletea kazi. Uso ule ndio nilioogopa kuuona miaka yote, na ndio maana ya edital na dirisha lililofungwa.

Nilimpa barua. Akaisoma, akairudia.

"Tangu lini?" akauliza.

"Miezi miwili."

Akaikunja barua. "Mama, ungeniambia siku ileile, ningekasirika siku moja tu."

Alimpa mkewe simu na kushika njia ya shamba bila kuniaga. Wale watatu nao wakasimama, mmoja baada ya mwingine, wakanitajia majina yao. Sikuwa na barua wala muhuri, ila majina nilikuwa nayo kichwani. Wa kwanza nikamwambia hukupata. Wa pili hukupata. Wa kwanza alinitukana, tena tusi la kina. Wa tatu alikuwa fundi umeme, na maombi yake kwa kweli yalikuwa bado mezani. Nikamwambia: "Wewe subiri. Mpaka Ijumaa. Ijumaa nitakupigia, iwe ndiyo au hapana." Akaketi tena, na safari hii alijua anasubiri nini.

Ijumaa nilimpigia. Alipata, na nilipiga kelele ofisini mpaka director akatoka nje. Mvua ilinyesha wiki iliyofuata, ikamkuta Saide ameshang'oa visiki na kuchoma. Anshia ndiye aliyeniarifu kwa simu, akicheka, nyuma yake nikisikia maji yanavyopiga bati.

Tangu hapo mpaka nilipostaafu, kila aliyekosa aliambiwa amekosa, na sababu yake. Nimetukanwa, nimechaniwa barua mbele ya uso, dirisha likapigwa ngumi hatimaye. Director naye akaona foleni imepungua, kwa sababu watu hawakurudi tena kila wiki kuuliza, akajifanya wazo lilikuwa lake. Nikamwachia.

Vijana mlio maofisini sasa mna kompyuta inayowajibu watu elfu kwa sekunde: asante kwa maombi yako, tutawasiliana nawe. Hiyo ni bado yetu ileile, imevaa tai tu. Mtu akikosa, mwambieni. Ana shamba, ana mashine ya kushonea, ana mtumbwi wa kuziba, na vyote vinamngoja.

Mwezi uliopita mume wa binti yangu aliniomba nimuulizie nafasi ya udereva aliyoiomba kwenye ofisi yangu ya zamani. Nikauliza. Nikamwita sebuleni, nikamwambia hukupata, wamemchukua mwingine, usiwangoje. Aliondoka bila kumaliza chai. Sasa anatengeneza mashine za boti pale bandarini, na binti yangu ananiambia anarudi jioni mikono imejaa mafuta, anakula sahani mbili, analala. Mimi hajanisalimia mpaka leo. Na asinisalimie.