Maana ya Kifukofuko

Mkalimani wa boma alikuwa na kidole cha shahada kilicholowa wino, na kila alipotaka tunyamaze alikiinua, kisha akakipangusa kwenye kanzu. Maneno ya Bwana Mkubwa aliyatafsiri yote, hata kikohozi, yetu aliyafupisha. Siku hiyo mama mmoja kutoka Mvumi alikuja kumuulizia mumewe, aliyekamatwa na askari akapelekwa kwenye kazi ya reli. Alikuwa amevaa miguuni njuga za ngoma za huyo mume, moja kila mguu, vifukofuko vya viwavi vilivyotiwa changarawe. Bwana akaziona, akataka kujua vinaitwaje na asili ya jina hilo.

"Kifukofuko, ni mfuko mdogo," mama akajibu. "Mdudu anajishonea mwenyewe, analala humo, akiwa tayari anatoka. Hafungwi na mtu. Sasa mume wangu atatoka lini?"

Mkalimani akainua kidole, akamgeukia Bwana, akasema maneno mawili tu. Bwana akaandika, akafurahi, akataka na njuga moja ya kupeleka kwao.

"Vua moja, mpe Bwana."

"Na swali langu, baba?"

"Bwana ameshukuru sana, mama."

Tulimtazama akishuka ngazi za boma, mguu mmoja ukilia, mwingine kimya.