Bana Sampa na Pini Zilizolala

Shangazi yangu Bana Sampa, yaani Mama Sampa, hupiga video mahali ambapo mwanamume hatii mguu. Hapa kwetu Mikomfwa, Luanshya, binti akikaribia kuolewa hufanyiwa sherehe ya jikoni, na milango ikishafungwa makungwi hutoa vinyago vyao vya udongo, ngoma hulia, na mwari hufundwa. Yanayosemwa mle hayatoki nje. Mimi mwenyewe siyajui, na si kwa kukosa kutega sikio.

Mlangoni shangazi huweka beseni kubwa la bluu. Kila simu huingia humo.

"Hata mimi mama mkwe?" watu humuuliza.

"Beseni halina mkwe, mama. Tumbukiza."

Inabaki kamera yake tu. Ukali huo una sababu. Katika mji wa jirani video ya mwari mmoja iliwahi kuvuja, ikazunguka kwenye simu za wanaume vilabuni wakiichekea bia mkononi, na mwanamke aliyeipiga akahama bila kuaga hata majirani. Shangazi aliposikia habari hiyo alimwita mwanawe Sampa, fundi mitambo huko Solwezi, aje amfungie kompyuta kwa kufuli ya ndani ambayo mtu mwingine hataifungua. Sampa akaja, akafunga. Kompyuta ikatoa namba ndefu ya akiba, ikamwambia mwenyewe aihifadhi mahali salama. Shangazi akawaza kwamba namba iliyohifadhiwa ni namba inayoweza kuibwa. Sampa alipopanda basi, yeye akaifuta.

Sasa Mwape, msusi wa nywele wa mtaani kwetu, aliolewa mwaka huu, na kungwi wake alikuwa bibi yake mwenyewe, Bibi Malama, aliyemlea tangu akiwa wa kunyonya. Siku ya sherehe vicheko vilisikika mpaka barabarani. Lakini kabla shangazi hajamaliza kuipanga ile video, Bibi Malama alianguka akiwa anachambua maharage, na hakuinuka. Tukazika. Bibi yule hakupenda simu wala kupigwa picha. Alikubali siku ile moja tu, kwa sababu ya mjukuu wake. Kwa hiyo sauti yake yote iliyobaki duniani ilikuwa ndani ya kompyuta ya shangazi, sebuleni kwetu, chini ya kitambaa cha kufumwa.

Matanga yalipokwisha Mwape alikuja, akakaa kwenye ukingo wa kochi.

"Nataka kumsikia tu, Bana Sampa. Siku hizi nikijaribu kuikumbuka sauti yake, nasikia yangu mwenyewe."

"Njoo Jumamosi, mwanangu. Nitakuwa nimeimaliza."

Ijumaa asubuhi umeme ulikuwa umekatika kama kawaida ya mgawo. Kila nyumba hapa ina kazi zake za saa za kukatika. Wengine hufagia stoo, wengine husuka. Sisi husafisha mashine, maana nani atie mkono kwenye nyaya huku umeme ukiwa ndani? Kompyuta ilikuwa imeanza kujizima kwa joto, na shangazi alijua feni imejaa vumbi. Akaifungua mezani, akalegeza skrubu, akaivuta feni itoke.

Haikutoka.

Tulikuja kuambiwa baadaye kwamba kati ya feni na prosesa, ule ubongo wa kompyuta, hupakwa dawa nyeupe ya kupitisha joto, na dawa hiyo hulainika mashine ikiwa ya moto. Ikiwa ya baridi hushika kama simenti. Ndiyo maana fundi huiwasha kwanza. Sisi tulikuwa tumengoja ipoe kabisa, tukijiona werevu. Shangazi akavuta tena, ulimi ameuma, na feni ikachomoka ghafla na prosesa imeng'ang'ania chini yake, ikagonga ukingo wa meza.

"Yesu wangu," akasema, polepole, kama mtu anayeomba maji.

Sikuwahi kuiona prosesa. Ni kibamba cha mraba, kidogo kuliko biskuti, na upande wa chini kimeota pini za rangi ya dhahabu, nyembamba kuliko sharubu za paka, zimepangwa msitu mzima. Ni nzuri ajabu. Nilishangaa kitu kizuri hivyo kimefichwa mahali ambapo hakionwi na mtu. Lakini pembeni pini zilikuwa zimelala, moja juu ya nyingine, kama mahindi baada ya mvua ya mawe.

Shangazi akampigia Sampa.

"Mama, usiguse kitu."

"Nimeshagusa."

"Pini ngapi zimelala?"

"Zimelala kama waumini kwenye mahubiri marefu. Nitazihesabuje?"

Sampa akacheka. "Basi tutafute prosesa nyingine, tuiweke hapo…" Alipoendelea, kicheko kilikuwa kimekwisha. "Mama. Ile namba ndefu ya kufuli unayo?"

"Ya nini?"

"Ufunguo wa ile kufuli umeshikana na prosesa hiyo hiyo. Ukiweka nyingine, diski haitakujua. Itadai namba."

Shangazi akakaa sakafuni, miguu mbele kama mtoto.

"Niliifuta."

"Uliifuta? Kwa nini sasa?"

"Ili isiibwe!"

Tukaifunga prosesa kwenye leso, tukaenda nayo mjini. Kijana wa duka la kwanza aliigeuza kwenye mwanga, akaipima kwenye sikio la shangazi. "Mama, hii sasa ni hereni. Tafuta ya pili uvae." Wa duka la pili alikuwa mpole zaidi. Alisema tulete mashine nzima, tuiache kwake wiki moja.

"Niache mashine yangu kwako wewe?"

"Kwani ina nini, mama? Siri za serikali?"

"Kubwa kuliko za serikali," akajibu, akamnyang'anya leso.

Tulipofika nyumbani, Mwape alikuwa ameketi kwenye kizingiti chetu. Alisema ameshindwa kungoja Jumamosi. Kisha akaiona kompyuta mezani, kifua wazi, nyaya zikining'inia, akaangalia uso wa shangazi.

Shangazi alimweleza yote, hata habari ya namba. Hakujitetea. Mwape alisikiliza mikono imeshika magoti.

"Siku ile nilikuomba," akasema. "Nilikwambia, Bana Sampa, niache na simu yangu nimrekodi bibi akiimba, kidogo tu. Ukasema nini?"

Shangazi akaanza kuokota skrubu mezani.

"Sema ulisema nini."

"Nilisema tumbukiza."

"Nikatumbukiza." Mwape akasimama. Nilidhani anaondoka. Akaenda kunawa mikono kwenye ndoo, akajifuta kwa kitenge chake, akarudi mezani. "Leta kibano. Kile chako cha nyusi. Na sindano nyembamba kuliko zote."

Tuliihamisha meza barazani kwenye jua. Sampa alikuwa ametuambia tutafute penseli ya kubonyeza, tutoe risasi ya kuandikia ndani yake, ili ile ncha yake ya bati yenye tundu ivishwe kwenye pini kama soksi, kisha pini iinuliwe taratibu. Nilitoa yangu ya shule. Walipokezana, Mwape akianza kwa sindano kuitenganisha pini na jirani yake, shangazi akimalizia kwa penseli. Mimi nilishika kioo kidogo cha kujitazamia, nikielekeza jua palepale walipotaka.

"Usitikise mwanga, Nkandu."

"Sitikisi, shangazi."

"Basi ni mkono wangu."

Ulikuwa mkono wake. Ulitetemeka mpaka penseli ikagonga pini iliyokwisha kunyooshwa, ikalala upya. Shangazi akaanza kuisemesha. "Inuka, mama. Inuka, mpenzi. Nimekukosea nini?"

"Sogea," akasema Mwape. "Unaibembeleza kama mume mlevi. Hii ni kama nywele za mtoto, ukiivuta kwa hofu inakatika."

Jua lilipanda. Kuku wa jirani wakaja chini ya meza, tukawafukuza kwa minong'ono, tukiogopa hata pumzi zetu. Walipodhani wamemaliza, shangazi aliishusha prosesa mahali pake. Inatakiwa iingie yenyewe bila kusukumwa, kama ufunguo mlangoni. Haikuingia. Wakaitoa, wakaiinamisha kwenye jua, wakatafuta pini iliyopinda kidogo. Wakaishusha tena. Ikagoma. Mara ya tatu nilimwona Mwape akifumba macho na midomo yake ikicheza.

Pini moja ya pembeni ilikuwa imepinda shingoni. Mwape alipoigusa ilikatika. Hatukusikia mlio wowote. Iliangukia kwenye kitambaa, chembe ya dhahabu, na sote tukaitazama.

"Nimemuua," akasema Mwape.

"Nyamaza. Jaribu hivyo hivyo."

"Nimemuua mara ya pili, Bana Sampa."

"Nimesema jaribu!"

Ikaingia. Ilizama yenyewe, taratibu, kana kwamba ile iliyokatika ndiyo ilikuwa inaizuia. Hakuna aliyefurahi. Dawa ya kupitisha joto hatukuwa nayo, na Sampa alituambia tupake dawa ya meno kidogo tu. "Itawasaidia kwa muda mfupi, mama. Ikikauka, basi." Shangazi akapaka, akafunga feni, na harufu ya mnanaa ikajaa sebule. Kisha tukakaa kungoja umeme. Uji wa asubuhi ulikuwa umeganda kwenye sufuria na hakuna aliyeuulizia.

Mchana umeme uliporudi, redio za mtaa mzima zilipiga kelele kwa pamoja. Shangazi akabonyeza. Feni ikazunguka. Kioo cha kompyuta kikabaki cheusi. Akazima, akawasha. Cheusi. Akawasha tena, na safari hii alikuwa analia waziwazi, kamasi na machozi, akampigia mwanawe bila kujifuta.

"Sampa! Haioni! Inapumua lakini haioni!"

"Memori, zile pau za kuchomeka, ziko mbili, mama? Chomoa moja. Huenda pini iliyokatika ilikuwa ya upande wake."

Akachomoa moja. Cheusi. Akairudisha, akachomoa ya pili, na kioo kikawaka.

Akaandika neno lake la siri, kufuli ikamtambua. Video ile ilikuwepo, ndefu, sherehe nzima tangu mlangoni. Akachomeka flashi na kuanza kuinakili. Tulikodolea macho mstari wa kijani ukitambaa. Haujafika hata robo, mashine ikazimika. Feni ilikuwa moto kiasi kwamba harufu ya mnanaa iligeuka harufu ya kuungua. Tukaipepea kwa mfuniko wa sufuria, tukaiwasha. Mara hii mstari haukufika hata pale pa kwanza.

"Kila ikirudi inarudi na pumzi fupi zaidi," nilisema, na mara nikajuta.

Mwape aliweka kiganja juu ya mashine kama anayempima mtoto homa. "Acha kunakili. Nifungulie nimsikie tu."

"Ukimsikia sasa, mwanangu, ndiyo basi. Hutamsikia tena."

"Na nikingoja flashi?"

Shangazi aliitazama mashine, akamtazama Mwape, kisha akautazama mlango. Alikwenda akafunga dirisha, akavuta pazia.

"Toa simu yako," akasema.

Mwape hakuelewa.

"Toa simu, Mwape! Washa. Ishike karibu na kioo, urekodi sauti na sura yake. Nitaanzia pale anapoimba." Halafu akanigeukia, na sikuwahi kumwona mkali hivyo. "Nkandu, nje. Wewe bado hujafundwa."

"Shangazi, mimi ndiye nili…"

"Nje!"

Nikatoka, nikafungiwa mlango. Nilikaa barazani penye kile kitambaa chenye pini. Kwanza nilisikia ngoma, kisha sauti ya kukwaruza ya Bibi Malama, karibu kabisa, kana kwamba yuko sebuleni amekalia kigoda.

"Wewe mtoto! Kiuno hicho umeazima kwa nani? Mrudishie mwenyewe!"

Wanawake wa kwenye video wakaangua kicheko. Mwape naye akacheka mle ndani, peke yake, nyuma yao kidogo. Bibi Malama akaanza kuimba. Maneno mengine sikuyaelewa, na ninayoyakumbuka sitayaandika. Sauti yake ilipanda, ikashuka, ikapanda tena, ikafika mahali ambapo mtu huvuta pumzi ili aumalizie ubeti.

Ikakatika hapo.

Nilingoja. Mwape alitoka ameishika simu kwa mikono miwili kama kifaranga. Kitenge kilikuwa kimemdondoka bega moja, hakukijali.

"Umempata?" nilimuuliza.

"Kidogo," akasema. "Hakumaliza."

Akashuka ngazi, akavuka uwanja, akapita getini bila kutazama nyuma. Ndani, mbele ya kioo cheusi, shangazi alikuwa anabonyeza kitufe cha kuwashia. Tak. Akangoja. Tak. Nilifungua mlango, nikaenda kusimama karibu naye, nikamwita kwa jina lake, lakini hakugeuka.