Kamba Shingoni mwa Mama wa Mchungaji

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya uinjilisti nilikabidhiwa ufito mrefu. Msimamizi wa misheni, Mzungu asiyecheka hata kwenye harusi, alinipeleka ufukweni mwa ziwa, Kirumba, akaniambia, "Ingia, pima." Sisi Wabaptisti humzamisha mtu mzima majini, kwa hiyo lazima mmoja atangulie kuhakikisha kwamba maji yanafika kiunoni, chini hakuna tope la kunasa, na mamba hajajilaza kwenye mafunjo. Niliingia, ufito mbele. Ninyi mnaobatiza kwenye birika la saruji nyuma ya kanisa hamjui raha mliyo nayo.

Baadaye nilihamishiwa upande wa Kisesa, chini ya Mchungaji Elia. Jina hilo alipewa kwenye ubatizo. Nyumbani kwao walimwita Doto. Hakuwa na baiskeli wala viatu vya maana. Akimkuta mtu analima, hakuomba kiti, aliomba jembe. Mahubiri yalikuja matuta yakiisha, na kwa kuwa alikuwa amelima, watu waliona aibu kuondoka. Nilimpenda mtu yule, na ndiyo maana haya ninayowasimulia yananiuma.

Mimi nilifundisha darasa la ubatizo, kisha nikawatahini wanafunzi. Maswali ya imani yakiisha, nilimkagua mtu mwilini. Kanuni ya Msimamizi ilikuwa fupi: chochote kilichofungwa kwa kamba shingoni, mkononi au kiunoni ni hirizi, kikatwe kwanza. Nilitembea na kisu kidogo mfukoni kwa kazi hiyo. Nilikuwa mkali kuliko aliyenituma.

Mwaka mmoja mama yake Mchungaji, ajuza wa kutembelea fimbo, alimaliza darasa. Mchungaji aliniita pembeni.

"Mama yangu siwezi kumtahini. Nikimpitisha, watu watasema nimempendelea. Mtahini wewe, nami nitafuata utakalosema."

Akaenda kukaa nje karibu na ghala la mtama. Bibi alijibu yote, mengine vizuri kuliko nilivyomfundisha. Nikaona kamba shingoni mwake, imening'iniza bangili ya shaba, ndogo sana.

"Bibi, hiyo tuikate."

"Hii siikati, mjukuu wangu."

"Basi majini hutaingia."

Alinitazama kidogo, akaokota fimbo yake, akatoka. Nikamfuata Mchungaji kumweleza. Akauliza, "Ulimwuliza ni ya nini?"

"Kanuni haisemi tuulize, Mchungaji."

"Haya. Nilisema nitafuata utakalosema."

Ubatizo uliofuata ulikuwa baada ya masika. Bibi hakuyamaliza masika. Kwa kuwa hakuwa amebatizwa, alizikwa nyumbani kwake, mbali na makaburi ya kanisa, bila wimbo wetu hata mmoja. Mchungaji alisimama katikati ya ndugu zake mikono mitupu. Biblia aliiacha nyumbani. Kanuni ilikuwa yake pia, na hakuivunja kwa ajili ya mama yake.

Hakunilaumu hata siku moja. Aliendelea kuniletea kibuyu cha maziwa mgando kila ng'ombe wake walipozaa. Laiti angenigombeza. Maziwa yale nilikuwa nayanywa kwa shida.

Tulifanya kazi pamoja miaka mingi baada ya hapo, hadi kichomi kilipomchukua. Alikuwa ameacha neno kwamba azikwe kando ya mama yake. Mimi ndiye niliyekuwa mwinjilisti mkubwa, hivyo kumwosha na kumvika kulikuwa juu yangu na wazee wa kanisa. Tulipomvua shati tulikuta kamba shingoni, na kwenye kamba bangili mbili ndogo za shaba. Wazee waliacha kuosha, wakanitazama mimi.

Dada yake, Minza, alikuwa mlangoni ameleta maji. Akaona tulichokuwa tunakitazama.

"Moja ni ya Kulwa, pacha wake. Alikufa hajaanza kutambaa," alisema. "Mama aliivaa tangu siku ile. Mama alipokufa, Doto akaifunga pamoja na yake ya utotoni." Akatua ndoo. "Na hii mtaikata, mwinjilisti?"

Kisu kilikuwa mfukoni. Nilimjibu kwamba atazikwa nayo. Tukamlaza kando ya mama yake, na pale nikaanzisha wimbo ambao yule bibi alinyimwa. Najua ulichelewa.

Nimestaafu sasa, na vijana hunijia kuuliza habari za kazi. Nawaeleza kupima maji, maana hilo nililijua vizuri. Mimi ni Msukuma, mtoto wa Msukuma. Hata kitoto chetu kinachochunga mbuzi kinajua kwamba Doto hazaliwi peke yake. Jina lile nililisikia kila siku, na sikuwahi kuuliza Kulwa yuko wapi.